Likizo Kisoro: maswali ambayo watu hawachoki kuuliza kuhusu milima, maziwa na gorila

Haya ni maswali yanayoingia kwa simu na WhatsApp kila wiki, mengi ni yale yale, na wengi wanaouliza ni ndugu zetu wa Kampala, Nairobi, Goma na Arusha wanaotaka kuja huku lakini bei au umbali umewatisha. Jibu likikutuma kwa swali lingine usikasirike, hatutaki kurudia rudia.

## Mambo ya kwanza

Uganda haina bahari, sasa huo ufuo mnaotangaza ni wa wapi?

Ni ufuo wa ziwa, na tena siyo Ziwa Victoria. Kisoro iko kona ya kusini magharibi kabisa, pale Uganda inapokutana na Rwanda na Congo, na kuna maziwa yaliyobanwa katikati ya milima: Mutanda, Mulehe, Chahafi, Kayumbu, halafu ukirudi upande wa Kabale kuna Bunyonyi. Zamani lava iliziba mabonde, maji yakajaa nyuma yake, ndio maana hizi kingo zimeingia ndani na kutoka nje kama vidole vya mkono na visiwa viko kila mahali.

Kwa hiyo asubuhi uko kwenye mtumbwi, mchana uko mlimani, na ukiinua macho unaziona volkano tatu zimejipanga: Muhabura, Gahinga na Sabyinyo. Mchanga mweupe wa Diani huupati huku, tusidanganyane.

Nije mwezi gani?

Juni mpaka Agosti, ama Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei mvua inanyesha kweli kweli, na kuanzia Septemba mpaka Novemba inarudi tena. Hata miezi ya kiangazi usiache koti la mvua nyumbani, huu msitu haufuati kalenda.

Kuna watu wanapenda kuja wakati wa mvua sababu vyumba ni rahisi na vilima vinang'aa kijani, sawa, lakini ujue udongo wa huku ukilowa unateleza kama nini na saa zingine kilima kinaporomoka kinafunga barabara ndogo. Kama una siku chache na ndege inakungoja Entebbe, usicheze na Aprili.

Baridi ni kweli au mnatutisha?

Kweli. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bunyonyi iko mita 1,962. Jua likizama tu unatafuta sweta, na loji nyingi wanakuwekea chupa ya maji ya moto kitandani bila kuuliza. Mtu wa Mombasa alete soksi nzito na asione aibu.

Siku ngapi zinatosha?

Watu wengi wanapanga siku mbili, wanafika usiku, asubuhi gorila, mchana wanarudi Kampala wamechoka na wanasema wameona Kisoro. Hapana, mmeona gorila na mmeona kiti cha basi. Angalau kaa usiku nne: moja ya kupumzika baada ya safari, moja ya mlima au msitu, moja ya ziwa, na moja ya akiba manake hali ya hewa itakuharibia siku moja, hiyo hesabu tu.

## Njia na pesa

Kutoka Kampala nafikaje?

Basi ndio njia ya wengi. Ni kama kilomita 500 hivi, unapita Masaka, Mbarara, Ntungamo, Kabale, lami mpaka mwisho, na inachukua masaa tisa kumi ikienda vizuri. Kuna mabasi ya usiku na ya mchana na mimi nitakwambia panda ya mchana, ata kama utapoteza siku. Kipande cha Kabale mpaka Kisoro ndicho chenyewe, kona juu ya kona, msitu wa mianzi, halafu mnafika Kanaba barabara inaanza kuteremka na ghafla volkano zote ziko mbele yako. Wa basi la usiku analala pale, mdomo wazi.

Anayetapika kwenye kona akae mbele na asile rolex mbili, zile chapati za mayai, pale Mbarara.

Wenye haraka na pesa kuna ndege ndogo kutoka Entebbe zinatua kwenye kiwanja cha Kisoro ama Kihihi. Kihihi iko upande wa Buhoma, mlango wa mbali wa msitu wa Bwindi, siyo huku kwetu, kwa hiyo kabla ya kulipa soma kwanza swali la sekta hapo chini.

Nikishafika Kisoro natembeaje?

Boda kwa mji, speshio, yaani gari la kukodi peke yako, kwa safari za mbali. Barabara za kwenda Nkuringo na Rushaga, milango ya Bwindi ya upande wetu, ni za vumbi na mawe, nyembamba, zimekatwa kwenye ubavu wa kilima, na gari ndogo ya chini itakwama siku ya mvua. Patana bei kabla ya kupanda na useme wazi kama dereva atakungoja, hapo ndipo ugomvi mwingi unaanzia.

Kibali cha gorila ni bei gani kwa mtu wa Afrika Mashariki?

Hili ndilo swali namba moja, na wengi wanakata tamaa bure sababu wamesoma bei ya mgeni. Mgeni kutoka nje analipa dola 800, hiyo ni tangu Julai 2024. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda. Laki tatu! Si kidogo, najua, karo ya mtoto iko hapo, lakini siyo dola mia nane.

Kibali kinatoka UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ofisi yao kubwa iko Kira Road, Kampala. Bei zao zina muda wake, kwa hiyo ulizia kabla hujatuma pesa. Siku ya safari beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, siyo picha kwenye simu, manake bila hiyo utahesabiwa kama mgeni na hakuna renja atakuonea huruma.

Nahitaji pasipoti kutoka Kenya au Rwanda?

Mkenya na Mnyarwanda anaingia kwa kitambulisho cha taifa, huo mpango wa nchi tatu uko tangu 2014. Mtanzania aje na pasipoti. Wote bebeni kadi ya njano ya chanjo.

Kuna ATM?

Mjini zipo. Nkuringo, Rushaga, ziwani, sahau. Mobile money ndiyo inaendesha maisha huku, lakini beba noti ndogo kwa ajili ya boda, mtumbwi na mbeba mizigo.

## Gorila na wanyama wengine

Bwindi na Mgahinga tofauti yake nini, niende wapi?

Mgahinga ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Uganda, kilomita za mraba 33.7 tu, iko mlangoni mwa Kisoro, chini ya zile volkano tatu. Ina familia moja tu ya gorila waliozoeshwa watu, Nyakagezi, ambao zamani walikuwa wanavuka mpaka kwenda Rwanda na Congo wanavyotaka, vibali vinakatwa wenyewe hawapo. Siku hizi wametulia kwetu.

Bwindi ni kubwa, karibu mara kumi ya hiyo, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1994, na familia za gorila ziko nyingi. Hesabu iliyotolewa baada ya sensa ya 2018 ilipata gorila 459 kwa Bwindi na kipande cha Sarambwe upande wa Congo, na ukijumlisha na wale wa volkano za Virunga (zile tatu zetu zimo) walikuwa 1,063 dunia nzima. Wa milimani hawapo kwingine kokote, wala zoo.

Ushauri wangu: kama gorila ndiye sababu kubwa ya safari nenda Bwindi. Kama unataka mlima, kima wa dhahabu na kulala mjini, Mgahinga inatosha.

Sekta ni nini na kwa nini kila mtu ananionya?

Bwindi ina milango minne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kibali chako kimeandikwa mlango mmoja na huo ndio huo, hubadilishi asubuhi. Kwenye ramani Buhoma na Nkuringo ziko jirani, ukisema hata nusu saa nafika, lakini msitu uko katikati na gari inauzunguka wote, nusu siku inaisha. Tumeona mtu amelala Kisoro, kibali cha Buhoma, anauliza boda saa kumi na mbili asubuhi kama atawahi. Hawezi.

Ukilala Kisoro chukua Rushaga au Nkuringo, na hata hapo toka mapema sana manake ni zaidi ya saa nzima kwa gari. Ukitaka kutoka Nkuringo mpaka Buhoma kwa miguu, hiyo inawezekana na ni moja ya matembezi mazuri kuliko yote, angalia kwenye sehemu ya kutembea.

Siku yenyewe inakuwaje?

Saa mbili kasoro asubuhi uko kwenye kituo, wanawapa maelezo, mnagawanywa, watu 8 tu kwa familia moja ya gorila. Kuna watu wametangulia tangu alfajiri, wanaanzia pale gorila walipolala jana na kufuata nyayo, halafu wanaita kwa redio. Nyinyi mnafuata. Inaweza kuwa dakika arobaini, inaweza kuwa masaa matano ya kupanda na kushuka ukishika mizizi.

Mkiwapata mnapewa saa moja. Barakoa mdomoni, mita 10 kati yenu na gorila, kamera bila flashi. Wenyewe ndio hawajui hiyo sheria ya mita, mtoto atakuja kukuchungulia na renja atakurudisha nyuma kwa mkono. Harufu yao utaisikia kabla hujawaona, jasho kali hivi, halafu unasikia majani yanavunjwa na mtu anatafuna kwa sauti. Mzee mwenye mgongo wa fedha akikohoa ule mkoromo wake, inama, usimkodolee macho, usikimbie.

Mtoto wangu ana miaka 13, mtamruhusu?

Hapana. Umri ni 15 na wanaangalia. Mpeleke ziwani au Mgahinga nje ya hiyo ya gorila, mtoto atafurahi zaidi kuliko kupanda masaa matano.

Nikiwa na mafua?

Utarudishwa, na ni haki. Gorila anaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na kwake kikohozi cha kawaida kinaweza kuua. Usijaze dawa ya kikohozi ukajificha. Sema mwenyewe mapema, kabla kundi halijaondoka.

Mbali na gorila nitaona nini?

Kima wa dhahabu, mgongo wa rangi ya machungwa, wanaishi kwenye mianzi ya Mgahinga na hawapatikani nje ya huu ukanda wa Virunga isipokuwa kipande kidogo Rwanda. Wana fujo, wanaruka, picha utapiga hamsini upate mbili. Nyati na tembo wapo mlimani, mara nyingi unaona mavi yao tu na mimi nashukuru. Vinyonga, fisi maji ziwani, na ndege wengi mno. Korongo taji, yule wa kwenye bendera yetu, anatembea kwenye mashamba ya watu kama kuku. Waliobobea kwa ndege wanakwenda Ruhija kutafuta ndege mmoja mdogo wa kijani kule bonde la Mubwindi, wanashuka, wanapanda, wanarudi na tope mpaka magoti, wakimwona wanalia.

## Kutembea na kupanda

Mlima gani ni rahisi?

Gahinga, mita 3,474. Unapita mianzi, juu kuna kinamasi kwenye kreta, na mtu wa kawaida anarudi kabla ya chai ya jioni. Muhabura ni mita 4,127, juu kabisa kuna kijiziwa kidogo, lakini ni mwinuko mwanzo mpaka mwisho, hakuna mahali unapumzika ukasema sasa ni tambarare. Panga siku nzima na uanze mapema, na kichwa kikianza kuuma sana na unataka kutapika, shuka, mlima haukimbii.

Sabyinyo ndio wenye vituko. Una vilele vitatu na kwenye kile cha tatu Uganda, Rwanda na Congo zinakutana. Kufika huko unapanda ngazi za miti zilizofungwa kwenye mwamba, zingine zinatikisika, kulia shimo kushoto shimo. Anayeogopa juu abaki kwenye kilele cha kwanza, hakuna atakayemcheka, sawa, tutamcheka kidogo.

Yote mitatu lazima uende na renja, na anabeba bunduki kwa sababu ya nyati.

Matembezi bila kupanda volkano yapo?

Mengi, na kwangu haya ndio mazuri zaidi. Moja: unatoka Kisoro, unavuka Mutanda kwa mtumbwi, halafu unapanda kwa miguu mpaka Nkuringo kupitia vijijini. Mwanzo ni mashamba ya maharage na viazi, kuta za mawe meusi ya volkano ambayo wakulima wameyatoa shambani na kuyapanga moja moja mpaka yakawa mpaka wa shamba, halafu mwinuko unaanza na watoto wanaokwenda kuchota maji wanakupita mara mbili, wakishuka na wakipanda, dumu kichwani, huku wewe unahema.

La pili ni Nkuringo mpaka Buhoma katikati ya msitu wa Bwindi. Unalipia mbuga na unapewa renja, mizigo inazunguka na gari. Siku karibu nzima, mito ya kuvuka, vipepeo, na kimya ambacho mtu wa Kampala anaanza kukiogopa.

Nivae nini?

Buti zenye meno, ama gambuti kama wanavyovaa wenyeji, suruali ndefu unayoingiza ndani ya soksi sababu ya siafu, shati la mikono mirefu, glovu za shamba kwa majani yanayowasha. Jinzi hapana, ikilowa ni mzigo.

Mbeba mizigo ni lazima?

Si lazima ila mchukue. Ni vijana na kina mama wa kijiji, atabeba begi na atakuvuta mkono pale pabaya, na hiyo pesa inaenda nyumbani moja kwa moja. Msitu huu unalindwa na hao majirani zake zaidi ya bunduki. Juni 2020 yule gorila mkubwa aliyeitwa Rafiki aliuawa na mwindaji aliyesema alikuwa anatafuta wanyama wadogo, mahakama ikampa miaka 11. Jirani akipata kitu halali kutoka msituni, hana haja ya kuingia na mkuki.

## Ziwani

Mutanda au Bunyonyi?

Bunyonyi ina hoteli nyingi, muziki wikendi, boti za injini kutoka Rutinda, na iko karibu tu na Kabale. Mutanda ni kimya na una volkano mbele ya uso. Wachumba na wazee Mutanda, marafiki kumi wenye spika Bunyonyi, tafadhali.

Bunyonyi visiwa vyake vina historia. Akampene ni kile kidogo chenye nyasi na mti, zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliachwa pale afe, labda apite mwanaume asiye na mahari amchukue. Bwama ndiko daktari Leonard Sharp alianzisha kituo cha wakoma 1931. Mwambie mwendesha mtumbwi akusimulie, asiishie kupita tu akikuonyesha kwa kidole.

Naweza kuogelea na kupiga kasia mwenyewe?

Watu wanaogelea, mamba na kiboko hawasumbui huku. Lakini kina kinaanza hatua mbili tatu kutoka ukingoni, si kama bichi unayoingia polepole, kwa hiyo asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea hata kwenye mtumbwi.

Ule mtumbwi wa gogo moja una tabia yake, ukipiga kasia upande mmoja unazunguka pale pale, na wenyeji wamekaa ukingoni wanakuhesabia. Mwachie mwenyewe akufundishe kugeuza kasia mwishoni mwa kila pigo, kama kuusukuma mtumbwi nje kidogo, hapo utanyooka.

## Watu na chakula

Kiswahili kinasikika?

Mjini vizuri, sokoni zaidi, sababu ya wafanyabiashara wa Congo. Vijijini ni Rufumbira, na upande wa Kabale Rukiga. Mzee msalimie kwanza kabla ya kuuliza njia, hata kwa Kiswahili, atakujibu kwa lugha yake na mtaelewana.

Nitakula nini?

Viazi. Irishi ya Kisoro ndiyo inalisha Kampala, hapa unaila imechemshwa na maharage, asubuhi, mchana na jioni. Bushera ya mtama ukiwa na kiu, ulizia kwanza kama ni ile tamu au ile iliyokaa siku kadhaa. Bunyonyi agiza krefish, wale kamba wadogo wa ziwani. Kwa Mwislamu, mjini msikiti upo na nyama ya halali inapatikana, porini mwambie mpishi siku moja kabla.

Kutembelea Batwa ni sawa kweli?

Inategemea unavyoenda. Batwa ndio waliokuwa wenyeji wa huu msitu na walitolewa zilipotangazwa mbuga 1991, wengi mpaka leo hawana ardhi. Ile njia ya Batwa ndani ya Mgahinga wanaiongoza wenyewe, wanakuonyesha dawa, asali, kuwasha moto, na mnamalizia pango la Garama lenye urefu wa mita 342, wanaimba gizani. Hiyo lipia. Kusimamisha gari kando ya barabara uwapige picha kama wanyama, hapana, na kama ni lazima picha, omba na uwape chao.

## Maswali ya pembeni

Na vita vya Congo?

Bunagana, mji wa mpakani upande wa Congo, ulichukuliwa na waasi wa M23 Juni 2022, na wakimbizi wengi walivuka kuja kwetu. Upande wa Uganda maduka, shule na mbuga zinaendelea. Fuata habari za wiki hiyo, msikilize renja, na usiende mpakani kupiga selfi.

Kwa nini simu yangu ilinichelewesha?

Ha, hii inakuja kila msimu. Karibu na mpaka simu inaweza kushika mnara wa Rwanda, na Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Simu inajirekebisha yenyewe usiku, alamu inalia ukidhani ni saa kumi na moja alfajiri kumbe kwetu ni saa kumi na mbili, na kundi lako la gorila halikungoji. Zima ile ya saa kujipanga yenyewe, weka saa ya Uganda kwa mkono, na zima data ya roaming hapo hapo kabla salio halijaliwa.